Mhandisi Aliyeiziba Modemu Mdomo

Wako watu ambao ukiwakumbuka unatabasamu peke yako njiani. Huyu nikimkumbuka natazama chini. Hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kazi iliyonilisha mimi na wanangu, na sijapata mkubwa wa kazi aliyenivumilia kama yeye. Lakini aibu iliyompata katika miaka yake ya mwisho kazini ilikuwa kubwa, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja ilitugusa wote, kama moshi unavyowagusa wote walio jikoni hata kama mpishi ni mmoja.

Ofisini tulimwita Mhandisi. Wahandisi wengine walikuwapo, ila ukisema "Mhandisi amefika" hakuna aliyeuliza yupi. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Mfuko wa kifuani haukuwa na kalamu. Ulikuwa na bisibisi ndogo yenye mpini wa njano. Ukimwomba kalamu alikuazima bisibisi, ukicheka alifurahi, kwa sababu ndiyo mzaha pekee aliokuwa nao.

Ofisi yetu ilikuwa ya vipimo vya maji ya mito. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Dodoma maduka yalianza kujaa televisheni na madishi, mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na wafadhili wanaleta vifaa ambavyo hakuna aliyeviomba. Siku moja tukaletewa modemu za redio.

Yeye ndiye aliyenieleza ni kitu gani. Kabla ya hapo, maji ya mto yalisomwa kwa macho. Kule upande wa Mtera, kwenye mto mmoja unaoingia bwawani, tulikuwa na mtunza kipimo, mzee mmoja wa Kigogo, aliyeteremka mtoni kila asubuhi, akatazama ubao wenye namba uliosimamishwa majini, kisha akatuita kwa redio ya upepo. Sasa chombo kingeusoma mto chenyewe, modemu ingezigeuza namba kuwa mawimbi, mnara juu ya kilima cha katikati ungeyapokea na kuyasukuma mbele, na modemu ya pili, iliyokaa mezani kwangu, ingeyarudisha kuwa namba na kuzipeleka kwenye kompyuta kwa waya.

"Waya ni mmoja, lakini mazungumzo ni mawili," aliniambia siku ile ya kwanza, kidole chake kikiwa juu ya waya wenyewe. "Kuna habari za mto. Hizo ndizo tunazozitaka. Na kuna habari za modemu yenyewe: betri yake ina nguvu kiasi gani, joto la ndani ni kiasi gani, mawimbi yanafika vizuri au kwa shida. Kompyuta nayo ina maneno yake ya kuiamrisha. Kaa tayari. Tuma. Rudia. Jieleze. Lakini kwanza uiite, ikuitikie. Usiiamrishe kabla haijaitika."

"Kama mtu," nikasema.

"Mtu husema uongo," akajibu. "Chombo hakidanganyi."

Kauli hiyo aliipenda. Aliisema mtu akichelewa kazini akadai saa yake imesimama. Aliisema dereva alipodai amejaza mafuta wakati mshale uko chini. Nyumbani kwake Area D, majirani walimletea redio na pasi zilizoharibika, naye aliwatengenezea bure, akiwahoji kama askari: ilianguka? ilimwagiwa maji? nani aliifungua? Wakikana, alifungua kifuniko, akawaonyesha kutu au alama ya msumari, akasema kauli yake. Watu walicheka wakaondoka na redio inayoimba. Nami nilicheka. Ndivyo nilivyojifunza kazi, nikimcheka na kumwogopa kwa pamoja.

Alikuwa na uvumilivu wa ajabu kwa mashine. Nimemwona akikaa mbele ya modemu isiyoitika kutwa nzima, akibadilisha kitu kimoja, anajaribu, anabadilisha kingine, bila kutukana, bila hata kunywa chai. Kwa binadamu uvumilivu ule haukuwapo. Mkewe alilazwa hospitali wiki nzima sisi hatujui, na nilipomuuliza mbona hakusema, alinishangaa. "Ungefanya nini wewe? Wewe ni daktari?"

Pamoja na hayo, mimi ndiye mwanamke wa kwanza kufungua kompyuta kwa mikono yangu katika ofisi ile, na ni kwa sababu yake. Wengine walisema nitaunguza vitu. Yeye aliniletea kiti, akaweka mashine mbele yangu, akanipa ile bisibisi. "Ukiunguza, nitajua ulipokosea. Usipoigusa, hutajua chochote, na mimi sitajua kama unaweza."

Kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kuchekwa mbele za watu. Kuchekwa kwa bisibisi hakukumsumbua, kwa kuwa mzaha ule aliuanza mwenyewe. Alichokiogopa ni kuonekana hajui.

Siku moja walikuja wageni, wakubwa kutoka wizarani na wafadhili wawili. Mhandisi alikuwa amevaa tai. Alieleza vizuri, wakasogea kwenye kompyuta yangu kutazama kimo cha mto kikiingia. Ilitokea bahati mbaya. Mistari miwili ilifuatana, mmoja wa mto na mmoja wa modemu inayojieleza, na programu ikachanganya. Joto la ndani ya modemu likaandikwa mahali pa kimo cha maji. Mto wetu, ambao kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo, ukaonekana una kina cha mita arobaini na kitu.

Mkubwa mmoja akainama akasoma. "Mhandisi," akasema, "kwa maji haya hata Bunge litahamia kwenye mashua."

Walicheka wote. Mhandisi naye alicheka, lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliona masikio yake yakibadilika rangi. Walipokwenda kula, yeye hakwenda. Alikaa kwenye kiti changu na tai yake, akaandika mistari michache kwenye programu ili kila neno la modemu lisilohusu mto litupwe. Kisha akaituma amri ipande kilimani mpaka mtoni, kuiambia modemu ya huko iache kujieleza.

"Tumeiziba mdomo," akasema, akaondoka kuwafuata wageni.

Ningeweza kumwelezea mtu huyu kwa mambo hayo tu, nikaishia hapo. Watu wa ofisini wakikutana ndivyo wanavyomkumbuka: tai, mashua, bisibisi. Yaliyofuata hawayataji.

Ulipofika msimu wa joto, kituo cha mtoni kikaanza kunyamaza usiku. Asubuhi kinarudi, kinatuma namba vizuri, jioni kinakatika. Siku baada ya siku hivyo hivyo. Mhandisi alitazama mistari iliyokatika, akasema polepole, "Betri inatoka usiku, inarudi asubuhi."

Mtunza kipimo alikuwa bado kule, sasa kama mlinzi wa kibanda cha modemu tu. Alikuwa mtu wa maneno makali. Modemu ilipofungwa, alimwambia Mhandisi mbele ya mafundi, "Mmeleta kisanduku ili msiniulize mimi." Tena kibandani aliwahi kuhifadhi magunia yake ya karanga, akakaripiwa. Hawakupendana.

Mhandisi alikwenda huko na dereva. Mimi sikuwapo, dereva ndiye aliyenisimulia. Walifika jioni bila taarifa. Nyumbani kwa mzee yule kulikuwa na balbu ndogo inawaka, waya wake umefungwa kwenye betri kuukuu ya gari. Mhandisi hakungoja. Alimwita mwenyekiti wa kijiji, majirani wakajaa.

"Mzee, umeme huu unautoa wapi?"

"Kwenye betri yangu. Nilibadilishana na mbuzi kwa watu wa barabara."

"Na ile ya serikali unaipeleka wapi usiku?"

"Sijaigusa. Naapa mbele ya watu hawa, sijaigusa."

"Chombo hakidanganyi," akasema Mhandisi.

Mzee yule alifukuzwa kazi. Hakupelekwa polisi, na Mhandisi alijisifu kwa huruma hiyo. Akawekwa kijana wa kijiji cha pili, betri mpya ikafungwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo ukaletwa Dodoma, ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya kiti cha Mhandisi. Kituo kikafanya kazi vizuri miezi yote ya baridi. Mhandisi alipopita karibu na meza yangu alikuwa akigonga kompyuta kwa kidole na kusema, "Unaona?"

Joto liliporudi, kituo kikanyamaza usiku. Asubuhi kikarudi.

Nakumbuka tulivyoutazama ule ufunguo ukutani, mimi na yeye.

Safari hii tulikwenda wote. Barabara ya Iringa wakati ule ilikuwa vumbi tupu na mawe, Landrova inaruka mpaka meno yanagongana. Tulilala Mtera, alfajiri tukaenda kituoni. Kufuli lilikuwa zima, halijaguswa, lina vumbi. Betri ilikuwamo. Mhandisi akatoa kompyuta ndogo ya kubeba, akaunganisha waya kwenye modemu, akapiga magoti mchangani na suruali yake ya pasi.

Aliita. Modemu ikaitika. Akaiandikia amri ile aliyoizuia siku ya wageni: jieleze.

Ikaanza kusema. Nguvu ya betri, joto la ndani, nguvu ya mawimbi, mstari mmoja, kisha mwingine. Asubuhi ile yenye ubaridi, namba ya betri ilikuwa inapanda, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kugonga paneli ya sola juu ya kibanda. Tukakaa tukiitazama. Jua likapanda, mawe yakaanza kuchoma, tukahamia kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa kibanda. Na hapo, jua lilipokuwa kali kabisa na betri ilipaswa kushiba, namba ikasimama. Kisha ikaanza kushuka.

"Mzee, mbona inashuka na jua hili?" nikauliza.

Alinyoosha mkono, akagusa kile kifaa kidogo kinachopokea umeme wa paneli na kuupeleka kwenye betri. Akautoa mkono haraka. Kilikuwa cha moto. Akachukua leso yake, akailoweka maji ya kunywa, akaifunika juu ya kifaa. Tukangoja. Namba ikageuka, ikaanza kupanda.

Ilikuwa wazi hata kwangu. Kifaa kile kilikuwa kibovu; kikipata joto kinakata umeme. Betri ilishiba kidogo asubuhi tu, ikala akiba yake mchana, usiku ikazimika. Hakuna mtu aliyeichukua. Betri ikichomolewa na mtu, modemu hukatika ghafla, neno likiwa katikati. Hii ilikuwa ikififia polepole, kama koroboi inayoishiwa mafuta, na kila ilipofifia ilikuwa na namba za kueleza inafifia. Mwaka mzima uliopita ingetueleza.

Mhandisi akakaa chini. Hakuchuchumaa, alikaa kabisa, miguu ameinyoosha mchangani kama mtoto.

"Ingesema," akasema.

"Nani, Mzee?"

"Hii. Ingesema siku zote. Mimi ndiye niliyeizima."

Alibadilisha kifaa, tukafunga vitu. Njia ya kurudi ilipita mbele ya nyumba ya yule mtunza kipimo. Tulimwona kwa mbali amesimama uani, jembe begani, anatutazama tukija. Nikasema, "Mzee, hatusimami hapa?"

"Siyo leo."

Dereva alipunguza mwendo, akifikiri labda Mhandisi atabadili mawazo.

"Nimesema siyo leo. Twende."

Tukapita. Yule mzee hakuinua mkono, nasi hatukuinua. Nimeona mengi ya kuaibisha katika maisha, ila mgongo wa Mhandisi katika kiti cha mbele siku ile, ulivyonyooka, shingo isiyogeuka, ndio ninaouota mpaka leo.

Ofisini aliandika ripoti. Niliichapa mimi. Ilisema kifaa cha kudhibiti chaji kimeonekana kina hitilafu ya joto na kimebadilishwa. Hakuna jina la mtu humo. Niliichapa mpaka mwisho, nikangoja na mikono juu ya vibonye.

"Kuna la kuongeza, Mzee?"

"Hakuna."

Nadhani ndipo alipoanza kuzeeka. Aliacha kusema ile kauli yake. Majirani wa Area D walipomletea redio, alizitengeneza bila kuuliza ziliangukaje. Saa za chai alikaa peke yake. Nilimwona mara moja akiwa amefungua programu kwenye kompyuta yangu, akitazama ile mistari michache aliyoandika siku ya tai, haifuti wala haiachi. Siku nyingine alianza, "Unajua, binti, mimi yule mzee nita..." akaishia hapo. Miezi ikapita namna hiyo. Kijana wa kituo aliendelea kulipwa, mto uliendelea kutuletea namba, na mtu mmoja karibu na Mtera aliendelea kuwa mwizi.

Aliyekuja kuyamaliza ni mke wa mtunza kipimo.

Alifika asubuhi, kitenge kimejaa vumbi la basi, ndala mkononi kwa sababu moja ilikuwa imekatika. Alisimama mlangoni akamsalimu Mhandisi kwa adabu yote ya Kigogo, "Mbukwenyi," akauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo ambayo Mhandisi hakuwa nayo. Mhandisi alijibu kila swali amesimama. Kisha mama akakaa.

"Baba, sikuja kudai kazi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, anaweka kila neno mahali pake. "Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Wamemwondoa. Sasa anakaa benchi la nyuma, na siku nyingine haendi. Kuku wa mtu akipotea, wanatazama kwetu. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Wewe ulimwona kwa macho yako akibeba hiyo betri?"

"Hapana, mama."

"Uliona nini basi?"

"Niliona mashine imenyamaza."

"Mashine ikinyamaza, mtu ndiyo mwizi?"

Niliacha kuchapa. Nilitamani niwe nje, popote. Mhandisi alivuta kiti akakaa mbele ya yule mama, magoti yao karibu yagusane.

"Mumeo hakuiba," akasema. "Ni kifaa kilichoharibika. Kosa ni langu mimi. Nimelijua tangu ile siku mumeo alipotuona tukipita na gari."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukakaa."

"Nikakaa, mama."

Nilingoja alie au apige kelele. Hakufanya hata moja. Aliinama akaokota ndala zake. "Basi njoo useme. Si hapa. Njoo useme kule uliposemea mwanzo, na wakiwapo wote. Jumapili wanakuwapo wote."

Alikataa nauli, akakubali maji. Jioni ile Mhandisi alinijia mezani. "Utakwenda na mimi? Mimi nikishindwa, wewe utasema."

Kanisa lilikuwa la matofali mabichi, bati linalia kwa joto. Mchungaji alikuwa ameambiwa. Baada ya matangazo alisema kuna mgeni ana neno. Mhandisi akasimama mbele, safari hii bila tai, na nikaona shati lake limelowa mgongoni lote.

Alianza vibaya. Alianza na mawimbi, na mnara wa kilimani, na waya mmoja wenye mazungumzo mawili. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu wa serikali, kwa heshima na bila kuelewa. Mtoto akaanza kulia akatolewa nje. Mhandisi akaacha, akajifuta uso, akanitazama mimi. Niliinuka nusu. Akanipungia mkono nikae.

"Nitasema kwa kifupi," akasema. "Ile mashine ilikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inaweza kusema inaumwa wapi. Mimi niliikataza isiseme, kwa sababu siku moja ilisema ovyo mbele ya wageni nikachekwa. Ilipozima, sikuiuliza. Nikaja hapa nikamwita mzee wenu mwizi mbele yenu. Hakuiba. Hakuigusa. Na nilipoujua ukweli, sikuja. Nimeletwa na mkewe."

Hakuna aliyepiga makofi wala kusema amina. Mwenyekiti wa kijiji alitazama kofia yake mapajani. Bibi mmoja mstari wa mbele alisema kwa sauti, "Eee, kumbe," na ndiyo ikawa sauti pekee. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kutazama benchi la nyuma.

Mtunza kipimo alikuwa amekaa pembeni kabisa, mikono juu ya magoti. Alisimama. Nikafikiri atakuja mbele.

"Nimesikia," akasema, akakaa.

Nje, baada ya ibada, Mhandisi alimfuata chini ya ukuta. Alimwomba radhi tena, kwa kuinama. Akamwambia kazi yake ipo, ataongea na wakubwa, arudi.

"Kazi mwachie yule kijana, ana mtoto mchanga," akasema mzee. Hakumtazama Mhandisi, alitazama watu waliokuwa wamesimama mbali kidogo wakijifanya wanaagana. "Ungekuja wakati ule nina hasira, ningekupiga, yakaisha. Umenikuta nimeshachoka."

Aliupokea mkono wa Mhandisi, lakini kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake kwa muda, akaurudisha.

Tuliporudi Dodoma, Mhandisi aliandika ripoti ya pili, akaiweka mezani kwa mkubwa wetu yeye mwenyewe. Alifuta ile mistari yake kwenye programu, na badala yake akazipa habari za modemu sehemu yake peke yake chini kwenye kioo cha kompyuta, zisichanganyike na mto wala zisitupwe. Amri ya kujieleza ikarudi kilimani mpaka kwenye vituo vyetu vyote. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kabla ya saa ya chai alikuwa amemaliza, na tulipoiona ilivyo rahisi hatukuweza kutazamana.

Ofisini walimcheka, si usoni. Kijana mmoja wa uhasibu alimwita "Mzee Betri" mpaka nilipomwambia akome. Mkubwa wetu alimkaripia kwa ripoti ile; alisema imetuaibisha bure, jambo lilikuwa limekwisha. Ulipofika mzunguko wa kupunguza watu, jina la Mhandisi lilikuwamo, na hakulalamika. Alikuja kuchukua vitu vyake, akatuaga mmoja mmoja kwa kutushika mikono, akaomba samahani kwa kila mtu, hata kwa mpishi wa chai ambaye hakumkosea chochote. Ilituumiza kumwona vile. Tulitamani arudi kuwa mkali.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye. Nilisikia anaumwa miguu, nikaenda Miyuji alikojenga. Alikuwa amekaa barazani, mkongojo pembeni, mwili umepungua nusu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umenenepa. Vizuri."

Tulizungumza habari za wanangu, habari za mji ulivyokua, jinsi siku hizi kila mtu ana simu mfukoni. Mkewe alinipa kiti akaenda ndani kutengeneza chai. Mhandisi akaniambia, kama anayeniambia bei ya mahindi, kwamba yule mtunza kipimo amefariki, na kwamba alikwenda kuzika.

"Kwa miguu hiyo?"

"Mwanangu alinipeleka. Nilikaa nyuma. Hakuna aliyenifukuza." Akasogeza mkongojo ambao haukuhitaji kusogezwa. "Ukafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Nikajua sasa linakuja. Nilikuwa nimejiandaa, binti. Nilijiambia, wakinitaja nitasimama, wanione, niinamishe kichwa. Yule msomaji akasema, marehemu alitunza kipimo cha maji kwa miaka mingi, kisha akaacha, akarudi kwenye kilimo."

"Akaacha," nikasema.

"Akaacha. Wakaendelea na watoto na wajukuu. Basi. Nikafikiri wamesahau. Baada ya mazishi nikamfuata mama, nikamuuliza nani aliyeandika maneno yale. Akasema ni mwenyewe marehemu. Alipoona hali yake imekuwa mbaya alimwita mwanawe aandike, na alipofika mahali pale mtoto alitaka kuyaandika yote, betri na mimi na kanisani. Yeye akakataa. Akasema, andika niliacha. Yule mtu naye ana watoto."

Nikasema kile ambacho yeyote angesema. "Alikusitiri, Mzee."

Mhandisi alikuwa ameshaufunika uso kwa kiganja kimoja. Nilisikia vikombe vikigongana ndani, mkewe anakuja. Nikageuka nikatazama barabara, ili apate nafasi.

"Afadhali wangenitaja," akasema. "Afadhali wangenitaja."